Mtoto akileta mdudu kijiti nyumbani, weka ndala chini

MTOTO anaingia mbio kutoka uani, viganja amevikunja kama aliyekinga maji. "Mama, njoo uone, kijiti kinatembea!"

Katika nyumba nyingi majibu huwa mawili. La kwanza ni ndala. Mdudu anapigwa hapohapo sakafuni, na mtoto anaonywa asirudie kushika vitu asivyovijua. La pili ni chupa. Mdudu anatiwa kwenye chupa ya soda, kifuniko kinakazwa, na asubuhi anakutwa amekufa.

Kwa mdudu, majibu yote mawili yana mwisho mmoja. Kwa mtoto, yote mawili yanafunga mlango uliokuwa umefunguka wenyewe. Dakika moja kabla alikuwa na maswali kumi: Anakula nini? Macho yako wapi? Mama yake ni nani? Mzazi akijua mambo machache kuhusu mdudu huyu, maswali hayo yanaweza kuwa mazungumzo ya wiki nzima, tena bila gharama yoyote.

Haya ndiyo mambo hayo.

Je, ni hatari?

Hili ndilo swali la kwanza la mzazi, na ni haki yake kuuliza. Mdudu kijiti hana mwiba wa kuchoma kama nyuki wala meno ya sumu kama nyoka. Chakula chake ni majani tu. Kinga yake kubwa ni kutoonekana, na ndiyo maana akiguswa mara nyingi hujikaza kama ukuni na kujiangusha chini akijifanya amekufa.

Hata hivyo, tahadhari ndogo haidhuru. Baadhi ya aina kubwa zina miiba kwenye miguu ya nyuma na zinaweza kubana kidole zikishikwa kwa nguvu. Kwa familia zinazoishi kusini-mashariki mwa Marekani, ikiwemo Florida, ipo aina yenye mistari miwili mgongoni ambayo hurusha majimaji makali. Yakiingia machoni husababisha maumivu makubwa, na jicho linapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi kisha mtoto apelekwe kwa daktari. Huyo aangaliwe kwa mbali.

Kwa wengine, kanuni ni ileile ya mdudu yeyote: usimsogeze karibu na uso, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Wapo pia wanaomchanganya na vunjajungu. Tofauti ni rahisi, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuikariri. Vunjajungu ana kichwa cha pembetatu kinachogeuka huku na huku, na miguu ya mbele anaikunja kama mtu anayesali, tayari kunasa wadudu wenzake. Mdudu kijiti hana mtego huo. Miguu yake yote sita ni ya kutembelea na kushikilia.

Soma mwili wake pamoja na mtoto

Mweke mdudu juu ya tawi, si mezani, kisha mwambie mtoto ahesabu.

Kama wadudu wote, mwili wake una sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Mtoto atabisha, maana anaona fimbo moja tu. Hapo mwonyeshe miguu ilikoota. Miguu yote sita hutoka kifuani. Jozi ya kwanza iko karibu kabisa na kichwa, halafu kuna nafasi ndefu kabla ya jozi ya pili, na nafasi nyingine kabla ya ya tatu. Kifua ndicho kilichorefushwa. Nyuma ya jozi ya tatu ndipo tumbo lilipo, nalo lina pingili kama za muwa.

Kichwani kuna vipapasio viwili, macho mawili ya pembeni, na mdomo wa kutafuna. Angalia anavyokula: anaanza ukingoni mwa jani na kushuka kwa kufuata mkato, kama mtu anayekula hindi la kuchoma mstari kwa mstari.

Pua hana. Anapumua kupitia matundu madogo yaliyo ubavuni mwa mwili, yanayopeleka hewa ndani kwa mirija. Ndiyo maana chupa iliyokazwa kifuniko haimfai. Joto na unyevu hujaa ndani, hewa haizunguki, na mdudu anakufa.

Jambo moja huwafurahisha watoto sana. Mdudu kijiti anapojificha hunyoosha miguu ya mbele kwenda mbele moja kwa moja, kikajificha kichwa katikati. Anawezaje? Mapaja ya miguu hiyo yamepinda kidogo mwanzoni, yakaacha nafasi inayotosha kichwa kukaa. Miguu miwili ikifungwa pamoja, kichwa hakionekani tena. Kinachobaki ni kijiti kirefu kisicho na mwanzo wala mwisho.

Chini ya nyayo ana kucha ndogo na vidoto laini vya kunatia. Kwa kucha hushika gome, kwa vidoto anaweza kupanda hata kioo cha dirisha. Na upepo ukivuma, usishangae akianza kuyumba kushoto na kulia. Hajalewa. Majani yanayomzunguka yanayumba, na kijiti kinachobaki kimetulia peke yake kingemsaliti mbele ya ndege.

Wengi hawana mabawa kabisa. Katika baadhi ya aina, madume huruka na majike hayaruki. Jike kwa kawaida ni kubwa na nene, dume jembamba na fupi. Duniani zimeshaelezwa zaidi ya aina 3,000, katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na wengi wao wako nchi za joto. China amepatikana mmoja ambaye, miguu ikinyooshwa, anazidi sentimita 60. Mpe mtoto rula mbili za shule azipange mstari mmoja, ataelewa.

Yai linalofanana na mbegu

Hapa ndipo ufagio wa nyumbani unapoingia kwenye habari hii.

Jike la mdudu kijiti hutaga yai moja moja. Aina nyingi haziyafichi wala kuyalalia: huyadondosha tu kutoka juu ya mti, na nyingine huyarusha kwa kutikisa tumbo. Zipo zinazoyafukia ardhini na zinazoyabandika kwenye majani. Kwa maisha yake jike moja linaweza kutaga mamia ya mayai, na baadhi ya aina huzidi elfu moja.

Yai lenyewe ni dogo, gumu, lina rangi ya kahawia au kijivu, na sura yake ni ya mbegu kabisa. Ukilitazama kwa karibu utaona kifuniko kidogo upande mmoja, kama kizibo cha mtungi. Anayefagia bila kujua atalipeleka jalalani pamoja na makapi.

Kwa nini lifanane na mbegu? Katika aina nyingi, juu ya kile kifuniko huota kifundo kidogo chenye mafuta. Sisimizi wakipita, wanalichukua yai kama wanavyochukua mbegu zenye kifundo cha aina hiyo, wanalikokota hadi shimoni kwao, wanakula kifundo na kuliacha yai lenyewe. Ganda ni gumu, hawalipasui. Basi yai linabaki chini ya ardhi, mbali na jua, moto wa nyasi na nyigu wanaotaga ndani ya mayai ya wenzao. Sisimizi amelipwa mafuta, yai limepata ulinzi.

Ndege nao wana sehemu yao. Mwaka 2018 watafiti wa Japani walieleza kwamba waliwalisha ndege mayai ya wadudu vijiti, kisha wakachunguza kinyesi chao. Mayai machache yalitoka mazima, na kati ya hayo yakapatikana yaliyoanguliwa. Mdudu asiye na mabawa anaweza, akiwa bado yai, kusafiri tumboni mwa ndege na kufika asikoweza kufika kwa miguu yake.

Subira ya miezi

Mtoto akiuliza "litaanguliwa lini?", usimwahidi kesho. Yai la mdudu kijiti huchukua miezi. Ile aina ya India inayofugwa sana shuleni huchukua takribani miezi miwili hadi minne kutegemea joto, na zipo aina zinazohitaji zaidi ya mwaka.

Siku ikifika, kifuniko kinasukumwa kutoka ndani na mtoto wa mdudu anajivuta nje, miguu ikiwa imejikunja kama nyuzi. Anatoka akiwa mrefu kuliko yai mara kadhaa, mpaka mtu ajiulize alikaaje humo.

Mtoto huyo anaitwa tunutu, kama wa nzige. Mwambie mwanao kwamba hapa ndipo mdudu kijiti anapotofautiana na kipepeo. Kipepeo huanza akiwa kiwavi, akajifunga kama bubu, akatoka na sura nyingine kabisa. Tunutu wa mdudu kijiti hutoka yaini akiwa tayari na sura ya mama yake, ila mdogo. Kazi yake ni kula na kukua.

Lipo pia jambo la kuchekesha. Aina moja ya Australia, yenye miiba mingi, huanza maisha kwa udanganyifu wa namna yake. Tunutu wake hutoka na kichwa chekundu, tumbo amelipindia mgongoni, naye hukimbia huku na huku kama sisimizi wa eneo hilo. Siku chache za kwanza anaogopwa kama sisimizi. Akishapanda mti na kutulia, anaanza kuiga majani makavu.

Kujivua gamba

Ngozi ya mdudu ni ngumu na haitanuki. Ili akue, lazima aivue. Watanzania wana msemo wa "kujivua gamba" na wanajua siasa zake, lakini kwa mdudu kijiti ni suala la kufa na kupona.

Hujining'iniza kichwa chini kwenye tawi, ngozi ya zamani inapasuka mgongoni, naye anajivuta taratibu kuelekea chini kama mtu anayevua suruali inayombana. Anapomaliza ni laini na dhaifu, na ni mrefu kuliko alivyokuwa saa moja iliyopita. Mara nyingi hugeuka na kuila ngozi ile ya zamani. Hupoteza si kitu.

Kwa mzazi kuna masharti mawili. Kwanza, kopo au kasha liwe refu kwenda juu, angalau mara tatu ya urefu wa mdudu. Akikosa nafasi ya kuning'inia, hutoka amepinda na huenda akafa. Pili, mdudu aliyetundikwa kichwa chini bila kula asiguswe. Mtoto atataka "kumsaidia". Mzuie kwa upole na umweleze sababu. Watoto huelewa wakiambiwa kwamba mwenzao yuko katikati ya kazi ngumu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Huvua ngozi mara kadhaa, tano au sita kwa aina nyingi, katika muda wa miezi minne hadi sita hivi. Baada ya mara ya mwisho ni mtu mzima, na havui tena.

Mguu ukikatika

Siku moja mtoto atakuja analia, mguu mmoja uko mkononi mwake na mdudu anatembea na mitano. Usimkaripie kabla ya kumweleza.

Mdudu kijiti anaweza kuuacha mguu wake kwa hiari. Karibu na mwanzo wa paja kuna mahali palipoumbwa kuachia. Ndege akiung'ang'ania mguu, mdudu anauachia na kuondoka na uhai wake. Mjusi kafiri hufanya vivyo hivyo kwa mkia.

Kama bado ni tunutu, mguu mpya utaota. Utaonekana atakapovua ngozi, mwanzoni ukiwa mdogo na uliojikunja, kisha utarefuka kila anapovua tena. Kama ni mtu mzima, hauoti, kwa sababu havui tena ngozi. Ataishi na mitano, na ataishi vizuri.

Kwa hiyo fundisho ni moja: mdudu huyu havutwi. Weka kidole au kiganja mbele yake, mguse taratibu kwa nyuma, asubiriwe apande mwenyewe. Tunutu wachanga wahamishwe kwa brashi laini ya rangi au pamoja na jani walilokalia.

"Baba yake yuko wapi?"

Swali hili litakuja, hasa kwa familia za Uingereza na kwingineko Ulaya ambako mtoto huleta kutoka shuleni kopo la wadudu vijiti wa kutunza wakati wa likizo. Wengi wa hao ni wa aina iliyotoka kusini mwa India, ambayo imefugwa maabara na madarasani Ulaya kwa zaidi ya miaka 100.

Jibu la kweli ni kwamba hana baba. Katika aina hiyo jike hutaga mayai bila dume, nayo huanguliwa. Watoto wote huwa majike, nao hutaga bila dume. Madume huonekana kwa nadra sana. Zipo aina nyingine zenye majike na madume kama kawaida, na katika baadhi yake dume hukaa mgongoni mwa jike kwa siku kadhaa, hata wiki.

Mzazi hana haja ya kuona haya wala kubadilisha mada. Mtoto mdogo anahitaji sentensi moja tu: "Kwa wadudu hawa, mama anaweza kutaga peke yake, kwa watu haiko hivyo." Akiwa mkubwa atauliza zaidi. Na kama nyumbani ni mama peke yake anayelea, swali hilo linaweza kuwa limebeba swali jingine. Sikiliza kabla ya kujibu. Pengine mtoto hakuwa akiuliza habari za mdudu.

Akikaa nyumbani, atunzwe hivi

Kama ameokotwa uani au shambani, mwache akae siku moja au mbili, kisha arudishwe kwenye kichaka kilekile. Mtoto aambiwe tangu mwanzo kwamba ni mgeni, na mgeni siku ya pili anajiandaa kuondoka.

Kwa siku hizo:

- Tumia ndoo ndefu au boksi lililofunikwa kwa chandarua chakavu kilichofuliwa vizuri, ili hewa ipite. Chandarua chenye dawa kisitumike. Dawa inayoua mbu itamuua na yeye.

- Mpe majani ya mti uleule alikokutwa. Aina nyingi huchagua chakula, na mdudu anaweza kufa njaa katikati ya mchicha mzuri. Wale wa India wanaofugwa Ulaya hula majani ya waridi na ya miiba ya matunda meusi yanayoota kando ya njia. Majani yasiwe yamepuliziwa dawa.

- Tia shina la tawi kwenye chupa ya maji yenye mdomo mwembamba, na uzibe nafasi kwa karatasi au pamba ili mdudu asizame.

- Nyunyiza matone machache ya maji juu ya majani jioni. Huyanywa.

- Chumba alimo kisipuliziwe dawa ya mbu, wala isichomwe humo.

Aliyefugwa, hasa wa nchi nyingine, asiachiwe nje kamwe. Uingereza haina mdudu kijiti wa asili. Lakini leo wapo kusini-magharibi mwa nchi hiyo, Cornwall na visiwa vya Scilly, wenye asili ya New Zealand, ambao walifika pamoja na mimea ya bustani. Kwa kuwa jike mmoja anaweza kuanzisha ukoo peke yake, yai moja kwenye takataka za bustani linatosha. Kabla ya kutupa majani na kinyesi cha kopo, weka mfuko kwenye friza kwa siku kadhaa ili mayai yasianguliwe.

Siku atakapokufa

Wadudu vijiti wengi wanaofugwa hawazidi mwaka mmoja na ushee. Mwishoni jike hupunguza kula, hupoteza nguvu za kushika tawi, na asubuhi moja hukutwa chini.

Wapo wazazi wanaokimbilia kumtupa kabla mtoto hajarudi shule na kusema "ametoroka". Nia ni njema, lakini mtoto atamtafuta mtoro huyo kwa wiki nzima, chini ya vitanda na nyuma ya kabati, akijilaumu kwamba hakufunga boksi vizuri. Heri ukweli. "Amekufa, mwanangu. Alikuwa mzee. Hukumkosea." Mruhusu amzike chini ya mti akitaka. Kwa watoto wengi hiki ndicho kifo cha kwanza wanachokishuhudia wakiwa wahusika. Namna mzazi anavyokizungumza, ndivyo mtoto atakavyothubutu kuuliza siku bibi atakapougua.

Kisha mwonyeshe chini ya boksi. Mara nyingi mayai yapo.

Hadithi ya kweli ya kusimulia kabla ya kulala

Mtoto akiuliza kama mdudu mmoja ana maana yoyote, msimulie habari ya kisiwa cha Lord Howe.

Kisiwa hicho kiko baharini, takribani kilomita 600 mashariki mwa Australia. Palikuwa na wadudu vijiti weusi, wanene, wasio na mabawa, wakubwa kama kiganja cha mtu mzima. Wenyeji waliwatumia kama chambo cha samaki.

Mwaka 1918 meli iitwayo Makambo ilikwama pwani ya kisiwa hicho, na panya wakatoka melini wakaingia nchi kavu. Mdudu ambaye hajawahi kumwona panya hakujua kumkimbia. Katika miaka michache tu hakuonekana tena hata mmoja. Ikaaminiwa wamekwisha duniani.

Kilomita 23 kutoka hapo kuna jabali lililochomoza baharini kama jino, Ball's Pyramid, lenye urefu unaozidi mita 550. Mwaka 1964 wapanda milima walikuta huko mzoga wa mdudu huyo. Lakini mzoga si uhai, na jabali halina misitu.

Mwaka 2001 wanasayansi wa Australia walilipanda. Mchana hawakumwona mdudu, ila chini ya kichaka kimoja waliona kinyesi kikubwa kibichi. Wadudu hawa ni wa usiku. Basi wawili kati yao wakapanda tena gizani na taa, jambo la hatari, na hapo kwenye kichaka wakawakuta wakiwa hai. Mwaka uliofuata walihesabiwa 24. Hao ndio waliojulikana kuwapo duniani kote.

Mwaka 2003 jozi mbili zilichukuliwa ili zizalishwe. Jozi moja haikudumu. Jozi nyingine, waliopewa majina ya Adam na Eve, ilipelekwa bustani ya wanyama ya Melbourne. Baada ya muda mfupi Eve akaugua, akajikunja, akawa wa kufa. Mtunzaji wake, Patrick Honan, alimchanganyia madini ya chokaa na maji matamu ya maua, akamlisha tone kwa tone akiwa mkononi mwake. Eve akapona. Akataga. Kutokana na mayai yao wamezaliwa maelfu.

Walezi wao waliona jambo jingine: hulala mchana wakiwa wawili wawili, dume amemwekea jike miguu yake ya upande mmoja juu ya mwili. Na matunutu wao hutoka wakiwa kijani, hutembea mchana, kisha wakikua hugeuka weusi na kuwa watu wa usiku.

Mwaka 2017 vipimo vya vinasaba vilithibitisha kwamba hao wa jabalini ni walewale wa kisiwani. Mwaka 2019 ikaendeshwa kampeni kubwa ya kuwaondoa panya Lord Howe, ili siku moja wadudu hao warudishwe kwao.

Kwa wikiendi hii

Usiku, baada ya chakula, chukua tochi na utoke na mtoto hadi kwenye kichaka au ua wa miti ulio karibu. Mvae viatu vilivyofunika miguu, na asiingize mkono mahali asipopaona. Angazeni matawi polepole, mkitafuta kijiti chenye vipapasio. Pengine hamtamwona hata mmoja usiku wa kwanza.

Na kama tayari kuna mayai nyumbani, yawekwe kwenye sahani yenye mchanga mkavu kiasi, yanyunyiziwe maji kidogo kidogo yasiote ukungu. Mtoto aandike tarehe kwa mkono wake kwenye karatasi na kuibandika pembeni. Dada wa kazi na kila anayefagia waambiwe kwamba zile si mbegu, na sahani ile isiguswe.